UNAMWAGA MAJI, UKOKA HAUNAWIRI? MCHAWI YUKO CHINI YA MAJANI!

Wiki hii mapenzi tunayaweka pembeni kidogo, na mitindo ya nywele nayo isubiri zamu yake. Tunatoka nje, tunaingia uani. Naam, hapo hapo mbele ya mlango wako, kwenye hayo majani uliyoyapiga picha ukawarushia washikaji ili wajue kwamba na wewe siku hizi umejipata.

Ukoka, bwana, hauna tofauti na mchumba. Mwaka wa kwanza ni raha tupu. Unaumwagilia huku unapiga mluzi, jioni unatandika mkeka juu yake, mgeni akija unamkaribisha nje makusudi ili aone. Mwaka wa pili unaanza mikogo. Mwaka wa tatu umenuna kabisa. Kwa mbali ni kijani cha kuzuga, ukisogea ni manjano, ukikanyaga unabonyea kama godoro, na bili ya maji inakuja imevimba kama andazi.

Hapo ndipo watu wanapoanza kutafuta mchawi. Mara ni jirani mwenye jicho baya. Mara ni yule aliyeuza majani, eti alileta mbegu feki. Na mara nyingi kuliko zote lawama zinamwangukia kijana wa bustani, kwa sababu yeye ndiye anayeshika mpira wa maji na hana wa kumtetea.

Mimi nakwambia mchawi yupo, na ninamjua. Hakai kwa jirani. Kalala chini ya majani yako mwenyewe, na leo tunamtoa nje.

JIJI LA VUMBI, MAJANI YA MAPOZI

Stori ya leo ni ya Dodoma, na sababu iko wazi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko ulipitishwa tangu mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi watu walikwenda kwa kunyata, mguu mmoja Dodoma na mwingine Dar. Mwaka 2016 Serikali ikasema sasa hakuna utani, kila mtu afungashe. Mwaka 2018 mji ukapandishwa ukawa jiji. Watu wakahama na makabati yao, na masofa yao, na tabia zao za Pwani, bustani za majani zikiwemo.

Tatizo ni kwamba Dodoma si Pwani. Mvua ya Dodoma ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei mpaka Novemba ni jua, upepo na vumbi. Vumbi la Dodoma halibishi hodi. Linaingia dirishani, linakaa kwenye sahani, linalala na wewe kitandani. Kwa hiyo mtu akitaka majani uani kwake mimi simcheki. Majani yanashika udongo, mtoto anapata pa kuchezea, na nyumba inapumua.

Ila majani ya sehemu kavu yana masharti yake. Ukiyafuata unakula raha kwa maji kidogo. Ukiyapuuza, utamwaga maji mpaka uuze redio, na ukoka utakuangalia tu.

KIJANA NUSURA AFUNGASHE VIRAGO

Mwaka juzi, mwezi wa nane, nilikwenda kumsalimia dada yangu. Anakaa Kisasa, mtaa ambao jina lake linajieleza lenyewe. Nimefika jioni, nakuta kikao cha moto barazani. Shemeji yangu kakaa kwenye kiti cha plastiki, bili ya maji mkononi, kama hakimu anayesubiri kutoa hukumu. Mbele yake kasimama kijana wa bustani, miaka kama 19 hivi, mtoto wa vijiji vya Chamwino, mikono nyuma, macho chini.

"Mimi maji nalipa. Wewe unayapeleka wapi?" shemeji anaunguruma. "Hebu ona majani yalivyo! Au unawauzia majirani?"

"Hapana, baba. Namwagilia kila siku. Ndoo nane, asubuhi na mapema. Mama ananiona."

"Mama anaona nini? Mwisho wa mwezi chukua chako, uende kwenu ukapumzike."

Dada yangu kimya. Kijana naye hakulia wala hakubisha, alibaki kuchora chini kwa kidole cha mguu. Baadaye aliniambia kwamba mdogo wake yuko kidato cha pili, na daftari, sare, kila kitu kinatoka kwenye mshahara ule ule. Kwa hiyo msione tunazungumzia majani mkadhani ni mambo ya kishua tu. Pale palikuwa na shule ya mtoto wa mtu inaning'inia.

Sasa mimi mama yangu aliuza miche ya maua kando ya barabara kule Dar kwa miaka mingi. Nimekua na tope kwenye kucha. Nilipopita juu ya yale majani kuelekea barazani nilisikia mguu unabonyea, nikajua hapa kuna jambo.

Nikasema, "Shemeji, samahani. Kabla hujafunga kesi, naomba kisu cha jikoni."

Dada akashtuka. "Kisu cha nini tena, jamani?"

"Cha kumpasua mtuhumiwa wa kweli."

Nilichagua sehemu iliyochoka kuliko zote, nikachoma kisu mpaka kwenye udongo, nikakata pembe tatu kama kipande cha keki, nikakinyanyua na kukiweka juu ya ngazi ya baraza. Wote wakainama. Juu kulikuwa na majani machache ya kijani. Chini kulikuwa na udongo mwekundu, mkavu, unapukutika kama unga, ingawa kijana alimwagilia asubuhi ile ile. Na katikati, kati ya majani na udongo, lilikuwepo tabaka la rangi ya kahawia, limesokotana kama katani za kusugulia sufuria. Tukaazima rula ya mtoto ya shule. Sentimita 3 na nusu!

Nikaomba glasi ya maji, nikamimina kidogo juu ya lile tabaka. Maji hayakuzama. Yalikaa juu yakawa vidonge vidonge, kama shanga, halafu yakateleza pembeni.

Husimuliwa kwamba jina la Dodoma lilitokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, eti kuna tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia kwenye tope. Sasa ona vituko: mji ambao tembo mzima alizama, glasi moja ya maji inakataa kuzama!

Shemeji akakuna kichwa. "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa naliogesha godoro?"

"Ndiyo, shemeji. Na huyu dogo alikuwa anakwambia kweli."

GODORO HILI LINATOKA WAPI?

Kwa Kiingereza tabaka hili lina jina lile lile la nyasi za kuezekea nyumba, na jina hilo halikukosea. Kazi ya paa la nyasi ni nini? Ni kuzuia mvua isipite. Basi na wewe umeezeka udongo wako, halafu unashangaa kwa nini haulowi.

Wengi hudhani godoro linatokana na yale majani yaliyokatwa yakaachwa chini. Si kweli. Ncha za majani zina maji mengi na zinaoza upesi. Kinachojaza godoro ni vikonyo vinavyotambaa, mashina na mizizi ya ukoka, vitu vigumu vyenye lignini, ile ile inayoufanya mti uwe mti. Hivyo vinachukua muda mrefu kuoza. Vikizaliwa haraka kuliko vinavyooza, vinalundikana, na ndilo hilo godoro.

Sasa sikiliza kwa nini sehemu kavu zinaumia zaidi. Wanaofanya kazi ya kuozesha ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, wakisaidiwa na minyoo ya ardhini. Hawa wote wanahitaji unyevu. Miezi saba bila mvua, wanalala au wanakimbilia chini. Ukoka wako unaendelea kukua kwa maji ya mpira, lakini wazoa taka wako likizo. Taka zitakwenda wapi?

Pale Kisasa nilifanya upelelezi kidogo, nikakuta makosa manne, na nina hakika nyumba nyingi yapo:

La kwanza, yurea. Shemeji alipenda kijani cha haraka haraka, kila mwezi anarusha mbolea. Mbolea nyingi ya naitrojeni inaufanya ukoka uzae vikonyo kama hauna akili nzuri.

La pili, maji kidogo kidogo kila siku. Maji yakiishia juu, mizizi nayo inabaki juu. Inaacha udongo na kuhamia ndani ya godoro. Siku ukisafiri ukaacha kumwagilia siku tatu, hakuna akiba, majani yanaungua.

La tatu, dawa. Waliona mchwa wawili watatu, wakamwaga dawa bustani nzima. Sumu ikaua na minyoo iliyokuwa inasaidia kazi bure bila mshahara.

La nne, udongo kushindiliwa. Malori ya mchanga na tofali yalipita pale wakati wa ujenzi, na baadaye majani yakapandwa juu ya ardhi ngumu kama sakafu. Hapo mizizi itashuka vipi?

Mnaona? Katika hayo manne, hata moja halikuamuliwa na kijana. Yeye aliambiwa amwagilie ndoo nane, na ndoo nane alimwaga.

PIMA KWANZA, USIKURUPUKE

Si kila godoro ni adui. Likiwa sentimita 1 au pungufu, hilo ni rafiki. Linazuia jua kali lisiunguze udongo, linapunguza maji kupotea hewani, na mtoto akianguka haumii sana. Likifika sentimita 1 na nusu, lichunge. Likizidi 2, jiandae kwa kazi.

Kipimo ni kile kile: kisu, rula na kipande cha keki. Kata sehemu tatu au nne tofauti maana godoro halilingani kila mahali. Ukishapima, rudisha kipande chako, kanyaga, mwagia maji kidogo, kitashika tena.

Na hapa nawaomba mnielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu. Shemeji alipoona lile tabaka, damu ikamchemka, akataka reki ianze kazi kesho yake. Nikamzuia. Ilikuwa Agosti!

Kwangua godoro ni operesheni. Unang'oa, unakata, unaacha udongo wazi. Mgonjwa hapasuliwi akiwa hana damu. Ukoka wakati wa kiangazi umelala, hauna nguvu ya kufunga kidonda. Ukiukwangua Agosti Dodoma, jua linaukaanga, upepo unabeba udongo, na ikifika Desemba unamiliki uwanja wa mdako.

Wakati wake ni pale mvua zinapoanza kushika, ukoka umeamka na unachipua kwa fujo. Kwa Dodoma maana yake ni Desemba au Januari. Hapo una miezi ya mvua mbele yako ya kuuguza. Wa sehemu nyingine angalia kalenda ya mvua ya kwako, kanuni ni ile ile: kwangua mwanzo wa mvua, usikwangue mwisho wake.

"Kwa hiyo mpaka Desemba?" shemeji akauliza.

"Mpaka Desemba. Na huyu dogo unamhitaji kuliko wakati wowote, maana kazi inayokuja si ya mtu mmoja."

Dada yangu ndipo alipofungua mdomo: "Basi abaki. Kazi anaijua." Kesi ikaisha.

KAZI YENYEWE HII HAPA

Desemba mvua zikashika, na nikapanda basi kurudi Kisasa, maana niliahidi. Tulikuwa watatu: mimi, kijana, na shemeji aliyevaa buti mpya kana kwamba anakwenda jeshini. Bustani ni mita 8 kwa 10, yaani mita 80 za mraba. Tulifanya hivi, na wewe fuata hivi hivi:

1. Subiri siku mbili tatu baada ya mvua kubwa. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Ukiwa mkavu reki haiingii, ukiwa tope unang'oa ukoka wote na mizizi yake.

2. Kata majani yawe mafupi, sentimita 2 hivi. Fyekeo ikiwa kali inatosha, mashine ikiwepo ni vizuri zaidi. Zoa yaliyokatwa.

3. Chukua reki ya chuma yenye meno magumu. Reki ya plastiki ni ya kuzolea majani makavu, hapa itakuchekesha. Simama imara, zamisha meno kwenye godoro, vuta kuelekea kwako. Pita uwanja wote upande mmoja, halafu upite tena kwa kukatiza. Mabonge yatatoka mpaka ushangae yalikuwa yamejificha wapi. Sisi kwenye mita 80 tulijaza magunia 11.

4. Usitake kumaliza lote siku moja. Godoro likiwa nene, mizizi mingi inaishi humo humo, ukiling'oa lote umeng'oa na mgonjwa. Toa karibu nusu, nyingine iache mpaka mvua za mwaka unaofuata.

5. Toboa udongo. Tumia uma wa bustani, ule wa meno manne. Uchome chini kama sentimita 10, utikise kidogo, uchomoe, usogee hatua ndogo, uchome tena. Huna uma, tafuta nondo iliyochongwa ncha. Matundu hayo ndiyo milango ya maji na hewa.

6. Nyunyiza udongo mwembamba juu. Changanya udongo unaofanana na wa hapo hapo na samadi iliyokwisha kuoza kabisa, chekecha, tandaza unene wa nusu sentimita tu, kisha usukume kwa mgongo wa reki uingie chini. Kwa mita 80 ni kama ndoo 20 za lita 20. Udongo huu unarudisha wale wazoa taka wadogo, nao wanakuja kulila godoro lililobaki. Samadi mbichi usiguse, utapanda magugu ya zizi zima.

7. Mbolea subiri wiki mbili, mpaka uone machipukizi. Kama ni yurea, gramu 10 kwa kila mita 1 ya mraba zinatosha, na umwagie maji papo hapo isiunguze. Mara moja, basi. Zile za kila mwezi achana nazo.

Jiandae kisaikolojia. Wiki ya kwanza bustani itatisha kama kichwa kilichonyolewa kwa wembe butu. Majirani watapita wakitikisa vichwa. Wacha watikise. Ukoka wa Kisasa ulianza kuchipua ndani ya wiki mbili, na mwisho wa Januari ulikuwa umefunga karibu kote.

TAKA USITUPE HOVYO, NA KIBERITI WEKA MFUKONI

Kuna mtu atakuja na akili ya mkato: "Kaka, kwa nini msichome moto tu, mara moja umemaliza?" Mwambie ahsante, kisha mwonyeshe geti. Upepo wa Dodoma unaujua? Cheche moja, uzio wa jirani umekwenda, na mtungi wa gesi upo jikoni pale. Halafu moto unaacha udongo uchi, tayari kupeperushwa.

Na yale magunia usiyamwage kwenye tuta la mchicha. Ukoka ni king'ang'anizi, kila pingili ya kikonyo ina uwezo wa kuota upya. Waulize wakulima watakwambia. Tandaza taka zako juani, kwenye sakafu au turubai, mpaka zikauke zikatike kwa kelele. Hapo unaweza kuzizungushia kwenye shina la mwembe au mpapai kuzuia udongo usikauke. Kama ulipiga dawa au mbolea karibuni, mbuzi na ng'ombe wasipewe.

WENYE MAJANI YA PEMBA, TARATIBU

Kwenye nyumba nyingi majani siyo ukoka mwembamba bali ni yale mapana yanayoitwa Pemba. Hayo yanatambaa juu tu, hayana mashina ya chini ya ardhi kama ukoka. Ukoka hata ukikwanguliwa mpaka kwenye udongo, chini kuna vikonyo vitakavyochipua. Pemba ukiikwangua hivyo hakuna kilichobaki. Kwa hiyo reki iwe ya kupapasa, toa kidogo kidogo, na nguvu zako zipeleke kwenye kutoboa udongo na kutandaza mchanganyiko wa samadi. Na kwa sehemu kavu mimi ushauri wangu ni ukoka, maana kiu unaivumilia zaidi.

SASA TUPIGE HESABU ZA MAJI

Hapa ndipo pesa ilipo. Lita 1 ya maji ikimwagwa kwenye mita 1 ya mraba inakuwa na kimo cha milimita 1. Kumbuka hiyo tu, huhitaji digrii.

Ndoo nane za lita 20 ni lita 160. Kwenye mita 80 hizo ni milimita 2. Milimita 2 juu ya godoro la sentimita 3 na nusu ni sawa na kumlambisha ulimi mtu mwenye kiu. Godoro linanyonya, jua linapanda, saa sita mchana zote zimekwenda mbinguni. Udongo haujui kama leo kulimwagiliwa. Kesho tena hivyo hivyo, na mita inasoma.

Ukizikusanya hizo lita 160 za siku 12 unapata lita 1,920, yaani ndoo 96, ambazo ni milimita 24. Sasa ukimwaga milimita 24 kwa pamoja kwenye bustani iliyokwisha kwanguliwa na kutobolewa, maji yanashuka chini, mizizi inayafuata, na juu panakauka bila madhara. Maji ni yale yale, bili ni ile ile, matokeo ni mbingu na ardhi.

Usimwage yote kwa pupa. Mwaga nusu, pumzika nusu saa, mwaga nusu ya pili, yasije yakakimbilia barabarani. Fanya jioni au alfajiri upepo ukiwa umetulia. Unatumia mpira na hujui umefikia wapi? Weka makopo matupu ya maziwa hapa na pale, upime kwa rula. Halafu jaribu kwa bisibisi ndefu: ikizama kwa urahisi, udongo umelowa, ikigoma, bado.

Na kiangazi, jamani, uacheni ukoka ulale! Ukoka wa manjano mwezi wa tisa haujafa. Umefunga duka, umejificha chini ukisubiri mvua. Maji ya kushiba mara moja kila wiki mbili au tatu yanatosha kuushikia roho. Anayetaka kijani cha Januari mwezi wa tisa atakilipia, na katika jiji ambalo watu wanapanga ndoo zamu ya maji ikifika, hata majirani hawatamwelewa.

Tena si lazima uwanja wote uwe majani. Dada yangu amepunguza. Upande wa geti wameweka kokoto na mishubiri, kivulini pamebaki ukoka wa kukalia. Umependeza kuliko ule wa zamani, na maji unakunywa kidogo.

KABLA HUJAMFUKUZA MTU

Basi, mpenzi msomaji, yangu ni hayo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kinachoua ukoka wako ki miguuni mwako. Ukiona majani yamenuna, usianze na jirani, usianze na muuza miche, na wala usianze na yule dogo aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kukumwagilia wakati wewe unakoroma. Anza na kisu na rula.

Ukikuta udongo umelowa na godoro ni jembamba, haya, tafuta sababu nyingine. Lakini ukikuta sentimita 3 za paa la nyasi na vumbi chini yake, mwite kijana wako, umwombe radhi, mpange tarehe ya Desemba. Na gharama ya reki ya chuma utoe wewe.

Wiki ijayo tunarudi ndani: shuka jeupe linalogeuka la njano, tatizo ni sabuni au maji ya chumvi? Panapo majaliwa tutakutana hapa hapa. Kaeni salama, na maji myatunze.